Hewa ukaa ya Nyanda za Juu Kusini: ivutwe na nini, ikae wapi?

*“Habari za kazi, mtaalamu. Niko Mufindi, nina ekari 12: nane za mipaina niliyopanda mwaka 2016, nne za mahindi na viazi, na kipande cha kinyungu, bustani yangu ya bondeni. Wamekuja watu wawili kwa nyakati tofauti. Wa kwanza anataka kikundi chetu cha watu 34 kisaini mkataba wa miaka 30, miti yetu ilipwe kwa kunyonya hewa ukaa, na sisi tusifanye kitu zaidi ya kuitunza. Wa pili anatushauri tuchome makaa ya kufukia shambani, anasema nayo yanalipwa. Kijana wangu anayesoma Mbeya anacheka, anasema hewa ukaa siku hizi inasukumwa chini ya miamba, na Rungwe kuna miamba ya volkano inayofaa, tena gesi yenyewe inatoka ardhini pale. Je, tusaini? Na nani kati ya hawa watatu anasema kweli?”*

Ndugu yangu, wote watatu wana ukweli, ila kila mmoja amekueleza nusu anayoipenda. Nitakujibu nusu iliyobaki. Ukiwa na haraka, jibu fupi ni hili: msisaini bado, mipaina yako ya 2016 karibu hakika haiingii kwenye mpango huo, makaa ya kufukia yanafaa kuanza hata msimu huu kwa kiasi kidogo, na miamba ya Rungwe si kazi ya kikundi cha kijiji.

Nianze na jambo ambalo wageni wako huenda hawakulifafanua. Kuvuta hewa ukaa kutoka angani hakuna ugumu. Kila jani la muhindi linaivuta tangu jua linapochomoza. Ugumu ni kuizuia isirudi. Muhindi ule ule ukivunwa, mabua yakaoza au yakachomwa, karibu hewa yote iliyovutwa Januari iko angani tena kabla ya msimu unaofuata. Kwa hiyo kila anayekuja na mpango wa hewa ukaa muulize maswali mawili tu kabla ya kunywa naye chai: itakaa miaka mingapi, na ikitoka kabla ya muda, hasara ni ya nani? Majibu ya maswali hayo yanatenganisha mti, makaa na mwamba kuliko maelezo yoyote ya kampuni.

Sasa hesabu, maana bila hesabu mtabaki kuamini maneno. Hewa ukaa ni kaboni moja iliyoshikana na oksijeni mbili. Kilo 12 za kaboni zikiungua zinatoa kilo 44 za hewa ukaa, yaani kila kilo ya kaboni ni sawa na kilo 3.67 za hewa ukaa. Shika namba hiyo. Nenda kwenye mpaina wako mmoja wenye kipenyo cha sentimita 20 kwenye usawa wa kifua chako na urefu wa mita 20 hivi. Shina lake lina karibu mita za ujazo 0.3. Mbao ya mpaina ikikauka kabisa ina uzito wa kilo 420 hivi kwa mita ya ujazo, kwa hiyo shina ni kilo 126. Ongeza matawi na mizizi, ambavyo ni kama nusu ya shina, unafika kilo 190. Karibu nusu ya uzito huo ni kaboni: kilo 90. Zidisha kwa 3.67 na unapata kilo 330 za hewa ukaa. Miti mitatu ya namna hiyo ndiyo tani moja. Mtu akikuambia mti mmoja wa shamba lako unanyonya tani moja kwa mwaka, mfungulie mlango aende.

Ekari iliyopandwa kwa nafasi ya mita 3 kwa 3 inabeba miti kama 450. Baada ya kupunguza, tuseme inabaki 250 yenye unene ule. Hiyo ni tani 80 na kitu kwa ekari, na hapo ndipo wengi wanaposhangilia mapema. Mipango inayoheshimika haikulipi tani zote zilizosimama siku ya mwisho kama unakusudia kuvuna. Verra, mojawapo ya mashirika makubwa duniani yanayoweka viwango vya miradi ya kaboni, hutaka ihesabiwe wastani wa muda mrefu: shamba linapanda kutoka sifuri hadi tani 80, linakatwa, linarudi karibu sifuri, linaanza tena. Wastani wake ni kama nusu, tani 40. Ukishalipwa wastani huo, mzunguko wa pili wa miti haukulipi tena, maana haukuongeza kitu juu ya wastani. Halafu sehemu ya tani huwekwa kwenye mfuko wa tahadhari dhidi ya moto na wadudu. Ikiwa ni moja ya tano, umebaki na tani 32 au 33. Kwa mfano tu wa kufanyia hesabu, tani ikiuzwa dola 10, hiyo ni dola 330 kwa ekari kwa kipindi chote, kabla mwenye mradi hajatoa gharama za upimaji, ukaguzi na usajili. Linganisha mwenyewe na bei ya mbao za ekari moja pale Mafinga. Kaboni ya mti wa kuvuna ni nyongeza ndogo juu ya mbao. Mkataba unaokunyima mbao ili upate kaboni unakurudisha nyuma.

Na kwa nini nimesema mipaina yako ya 2016 haiingii? Kwa sababu kinachonunuliwa ni tani ambayo isingekuwepo bila fedha ya kaboni. Wewe ulipanda kwa ajili ya mbao, kama jirani zako wote, na miti ilikuwa imesimama kabla mtu huyo hajajua njia ya kwenu. Mnunuzi makini ataona hivyo kwenye picha za setilaiti bila kuuliza. Miti inayoweza kuingia ni ile mpya, kwenye ardhi isiyokuwa na miti, na ambayo haikufyekwa uoto wa asili ndani ya miaka 10 iliyopita. Naweka mkazo hapo kwa sababu nyanda zetu zina majani ya asili yanayoonekana kama “pori tupu” kwa mgeni. Majani ya milimani kama ya Kitulo, ambayo tangu 2005 ni hifadhi ya taifa, yana kaboni nyingi chini, kwenye mizizi na udongo mweusi. Ukiyalima ili upande miti, unatoa ya chini ili uweke ya juu, na miaka ya kwanza unaweza kuwa unadaiwa.

Kuna mambo mawili zaidi ya miti ambayo Mufindi mnayajua kuliko mimi, lakini lazima yawe kwenye mkataba. Moto wa Septemba na Oktoba, kabla mvua haijaanza, hauchomi majani tu. Mpaina uliobabuka gome hufa umesimama, na shina lake ndani ya miaka michache huwa kuni, mkaa au kuoza, tani zote zikarudi angani. Jingine ni maji. Milingoti, yaani mikaratusi, inakunywa sana, na Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka chanzo cha maji. Mradi wa kaboni unaojaza milingoti bondeni unaongeza tani na kukausha kisima, na hakuna tani inayolipa kisima cha kijiji. Kitu kimoja mnaweza kukifanya kesho bila kusaini popote: acheni kukata mipaina ya miaka 7 na 8. Ukiiacha ifike 15 au zaidi, wastani wa kaboni shambani unapanda, na mbao zinaacha kupinda kwa sababu mti umekomaa. Mbao iliyoezeka nyumba inaendelea kushika kaboni yake miaka mingi darini.

Kuhusu kinyungu chako, nitasema kidogo ila ni muhimu kuliko ukubwa wake. Udongo mweusi wa bondeni ni majani ya karne nyingi ambayo hayakuoza kwa sababu yalikaa majini bila hewa. Ukichimba mfereji wa kina ukakausha bonde lote, hewa inaingia, vijidudu vinaamka, na udongo unaanza kuliwa na kushuka. Ukiona kinyungu kimezama kwa kipimo cha kiganja ndani ya miaka kadhaa, kilichopungua kimepaa angani. Lima kwa matuta, mfereji uwe mfupi na usishuke zaidi ya mizizi ya mboga, na uzibwe msimu ukiisha ili maji yapande tena. Kulinda bonde lenye unyevu ni nafuu kuliko kuvuta tani ile ile upya kwa njia yoyote nitakayoitaja hapa.

Mashamba ya juu nayo yanaweza kushika kaboni kwa samadi, mabaki ya mazao na kupunguza kupindua udongo, ila tahadhari na anayetaka kukulipa kwa hilo peke yake. Ekari moja hadi kina cha sentimita 30 ina udongo wa tani kama 1,450. Kaboni ikipanda kutoka asilimia 2.0 hadi 2.1, umeweka tani 5 za hewa ukaa. Sasa chukua sampuli mbili hatua tano tu mbali, maabara itakuonyesha tofauti kubwa kuliko hiyo asilimia 0.1. Fanya kwa ajili ya mavuno na unyevu. Malipo yakija, yatakuwa ya ziada.

Tuje kwa mgeni wako wa pili, maana hapa ndipo naona nafasi ya kweli kwa nyanda hizi. Makaa ya kufukia, ambayo wataalamu huyaita bayocha, ni mabaki ya mimea yaliyochomwa kwa hewa kidogo hadi yakabaki kaboni. Moto unapangua sukari na nyuzi ambazo vijidudu wanazipenda, unaacha kaboni iliyojifunga kwenye pete ngumu ambazo vijidudu hawana meno ya kuzivunja. Jani likioza linaondoka ndani ya msimu. Makaa mazuri yaliyofukiwa yanakaa mamia ya miaka. Moto ukipita juu ya shamba haugusi kilichofukiwa. Kwa lile swali langu la “itakaa miaka mingapi”, makaa yanajibu vizuri kuliko mti.

Malighafi mnayo inazagaa. Mashine za dingdong, zile ndogo za kupasulia mbao, zinatoa mbao kama theluthi ya gogo. Zilizobaki ni mabanzi na maranda, na milima ya maranda inayofuka moshi wiki nzima kando ya barabara ya Mafinga ni hewa ukaa inayorudi angani bila kumfaidi mtu. Mbarali wana pumba za mpunga, Mbozi wana maganda ya kahawa, na ninyi nyote mna magunzi ya mahindi. Ila usikate mti uliosimama ili ufanye makaa ya kufukia. Hapo hesabu inavunjika. Wala usichome mabaki ya nguzo za umeme au mbao zilizotiwa dawa. Dawa ile ina shaba, kromiamu na arseniki, na kwenye makaa inabaki pale pale unapopanda mboga.

Namna ya kuchoma ni hii. Chimba shimo la umbo la bakuli, upana wa juu mita 1.5, wa chini nusu mita, kina sentimita 90. Kausha mabanzi na magunzi mpaka yavunjike kwa mlio; yakipinda bila kulia, bado. Washa moto mdogo chini kwa vijiti, na ukishika, tandaza tabaka jembamba. Subiri tabaka lile lianze kuvaa majivu meupe juu, kisha weka jingine. Siri yote iko hapo: miali ya juu inakula hewa yote kabla haijafika chini, kwa hiyo makaa ya chini hayageuki majivu, na moshi unaopanda unaungua ndani ya miali. Ukiweka tabaka nene au mabichi, miali inakufa na moshi mweupe mzito unatoka. Moshi huo una methani, gesi inayoshika joto karibu mara 28 zaidi ya hewa ukaa kwa kipimo cha miaka 100. Mchomaji mmoja mzembe wa mabichi anaweza kufuta faida ya mashimo kadhaa mazuri. Maranda ni mabaya peke yake kwa sababu yanalala kama blanketi. Yarushe kidogo kidogo juu ya mabanzi yanayowaka.

Shimo likijaa, baada ya saa tatu hivi, zima kwa maji, lita 200 zisikose kuwa tayari kabla hujawasha. Maji yakiwa ya taabu, funika kwa udongo wa unyevu sentimita 15 na ukanyage, usifukue mpaka kesho kutwa. Makaa ambayo hayakuzimika sawasawa yanalala kimya kisha yanawaka ndani ya gunia usiku, stoo ikaenda nayo. Tia mkono ndani ya rundo kabla ya kufunga. Ukisikia uvuguvugu, mwaga maji tena. Shimo moja la mabanzi makavu, kilo 500 hivi, litakupa kilo 80 hadi 120 za makaa yakikauka.

Usiyamwage shambani hivyo hivyo. Makaa mapya ni kama sifongo kavu, yananyonya nitrojeni ya udongo, na mahindi yatakuwa ya njano msimu mzima, kisha mtasema makaa ni uongo. Changanya ndoo moja ya makaa yaliyopondwa na ndoo moja ya samadi, loweka kwa mkojo wa ng’ombe uliozimuliwa au maji ya samadi, acha kivulini wiki mbili hadi tatu yakiwa na unyevu. Ponda yakiwa yamelowa, na uvae barakoa, hasa ya pumba za mpunga, kwa kuwa vumbi lake lina silika inayoharibu mapafu.

Wapi uyaweke? Ekari ya mahindi kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 30 ina mashina karibu 18,000. Ukiweka gramu 100 kila shina unahitaji tani 1.8, sawa na mashimo 18 ya kuchoma. Hiyo ni kazi ya kuvunja mgongo kwa zao la bei ya chini. Lakini ekari ya parachichi kwa mita 7 kwa 7 ina mashimo 82. Kilo 3 kila shimo ni kilo 246, yaani mara mbili au tatu za kuchoma, na mti unakaa hapo miaka mingi. Anzieni hapo, au kwenye bustani za mboga. Udongo wetu mwingi wa Mufindi na Njombe una tindikali, na makaa pamoja na majivu yake yanaipunguza kidogo, jambo zuri kwa mahindi na maharage. Kwa chai ni kinyume, chai inapenda tindikali, usiweke. Kwenye viazi weka kwa kiasi, maana ukipunguza tindikali sana unakaribisha ugonjwa wa magamba kwenye ngozi ya kiazi.

Malipo je? Makaa yenye kaboni asilimia 75 yanashika tani 2.75 za hewa ukaa kwa kila tani ya makaa makavu, kabla ya kutoa makato ya moshi, usafiri na kiasi kitakachooza. Zipo njia zinazotambua wachomaji wadogo, mojawapo inaitwa Global Artisan C-Sink, lakini huingii peke yako. Anatakiwa msimamizi anayekusanya wakulima wengi, anayepima unyevu, ujazo na uzito wa kila shimo, picha ya miali, picha ya makaa yakichanganywa na samadi, na sampuli za maabara. Mali bila daftari hupotea bila habari. Hata kama hamjampata msimamizi, anzeni daftari leo: tarehe, aina ya mabaki, ndoo zilizotoka, shamba lililopokea. Na makaa yakishauzwa kwa kupikia, hayahesabiwi kamwe, maana kaboni inaondoka jikoni.

Sasa kijana wako. Mwambie nimefurahi anasoma, na hajakosea kuhusu miamba. Huko Iceland, mradi wa Carbfix wa Hellisheiði ulianza mwaka 2012 kuyeyusha hewa ukaa kwenye maji, kama soda, na kuisukuma kwenye mwamba wa basalti. Maji yale ya tindikali yanayeyusha kalsiamu na magnesiamu ya mwamba, na kaboni inashikana nazo kuwa jiwe. Zaidi ya asilimia 95 ya gesi ya majaribio iligeuka jiwe ndani ya miaka miwili. Hakuna njia nyingine inayojibu swali la muda kwa uhakika huo. Na Rungwe ina basalti kweli.

Kinachokosekana ni vitu vitatu. Kwanza, gesi ya kusukuma. Hewa ya kawaida ina hewa ukaa kama sehemu 4 tu katika sehemu 10,000. Mita moja ya ujazo inabeba gramu 0.8 hivi. Kupata tani moja lazima upitishe hewa zaidi ya mita za ujazo milioni 1.2 kwenye mashine, na mashine inakula umeme na joto jingi. Ndiyo sababu wanaojaribu jirani, kama Octavia Carbon ya Kenya, wamekaa Bonde la Ufa penye joto la ardhini. Kwetu, mahali pa kupata gesi hiyo ikiwa imekolea ni kiwanda cha saruji cha Songwe, kwa kuwa chokaa ikichomwa hutoa hewa ukaa yake hata ukitumia kuni. Na siku za usoni, mitambo ya jotoardhi ikifika Ngozi au Kiejo-Mbaka, gesi inayopanda na mvuke inaweza kurudishwa chini badala ya kuachwa. Pili, maji: njia ya Iceland inahitaji tani zaidi ya 20 za maji kwa tani moja ya gesi. Rungwe inapata mvua zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, lakini Usangu ambako Ruaha Mkuu unakauka hakuna wa kutoa maji hayo.

La tatu ndilo zito. Kijana anasema gesi inatoka ardhini Rungwe, kwa hiyo inaweza kurudi. Ni kweli inatoka, na kiwanda huko huko kinaivuna na kuijaza mitungi kwa ajili ya soda. Lakini kuivuna huko hakuondoi chochote angani. Ukifungua soda inaondoka. Na kitendo chenyewe cha gesi kupanda kwenye nyufa za Bonde la Ufa kinatuambia kwamba mwamba wa pale una njia. Kuhifadhi gesi ikiwa gesi kunataka kina cha zaidi ya mita 800 na mfuniko wa mwamba usiopitisha, na mahali penye chemchemi za moto na nyufa hai mfuniko huo hauaminiki mpaka uchimbwe, upigwe mitetemo na kupimwa kwa miaka. Njia ya kugeuza jiwe inavumilia nyufa vizuri zaidi kwa sababu gesi imeyeyuka, haielei, ila bado ni kazi ya visima vya mamilioni ya dola na ya serikali. Kama yupo anayewachangisha wanakijiji fedha kwa ajili hiyo, huyo ni tapeli.

Nikiwa hapo Rungwe, niseme la usalama. Hewa ukaa ni nzito kuliko hewa kwa mara moja na nusu, inatuama mashimoni na mabondeni asubuhi isiyo na upepo. Ukiona ndege au wadudu wamekufa kwenye kibonde, usishuke kuangalia. Mtu akianguka humo, usimfuate kwa mkono mtupu. Ita watu, mvuteni kwa kamba mkiwa juu. Wengi hufa kwa kumfuata wa kwanza.

Kuna na vumbi la basalti la kumwaga mashambani, lilowe mvua na kuvuta hewa ukaa taratibu. Linahitaji tani 3 au zaidi za vumbi kwa tani moja hata likiyeyuka lote, na ukilisaga kwa dizeli na kulibeba karibu kilomita 300 kutoka Tukuyu hadi kwako, umekula faida njiani. Karibu na machimbo ya kokoto yenye vumbi la bure, sawa, baada ya kupima nikeli na kromiamu.

Narudi kwenye mkataba. Tangu 2022 nchi ina kanuni za biashara ya kaboni, zikarekebishwa 2023, na miradi inapita kwa Ofisi ya Makamu wa Rais na Kituo cha Taifa cha Kuratibu Kaboni kilichopo Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Kwa hiyo jambo la kwanza ni kumwomba mgeni barua ya usajili wa mradi wake, kisha mwandikieni kituo hicho wenyewe mthibitishe. Someni kwa Kiswahili, mkataba mzima, si muhtasari. Tafuteni mahali palipoandikwa asilimia yenu, na kama inakatwa kabla au baada ya gharama zake. “Asilimia 60 ya faida” ya mtu anayeamua gharama mwenyewe inaweza kuwa sifuri. Tafuteni kipengele cha moto: kikisema mkulima atarudisha tani zilizoungua, kataeni. Tafuteni ruhusa ya kukata kuni, kupunguza na kuvuna. Tafuteni ukifa leo mtoto wako anarithi nini, haki au deni. Na miaka 30 bila mlango wa kutoka katikati, kwa mtu mwenye ekari 12, ni mirefu mno. Katavi, vijiji vya wilaya ya Tanganyika vinapata fedha za kaboni kweli, ila zile ni za kulinda msitu wa asili wa kijiji, mpango tofauti kabisa na kupanda mipaina ya mtu mmoja mmoja. Usikubali mfano huo utumike kukushawishi.

Yapo mambo ambayo siwezi kuyaamua nikiwa mbali. Kabla ya kalamu kugusa karatasi, mpelekeeni mwanasheria wa halmashauri nakala, na kama kuna ardhi ya pamoja ndani yake, ipite mkutano mkuu wa kijiji, si kamati peke yake. Afisa misitu wa wilaya aje apime ekari zako kwa kipimo cha kifua. Hesabu yangu ya miti 250 inaweza kuwa 180 kwako. Sampuli za udongo, nane hadi kumi kwa kila ekari zikichanganywa pamoja, zipelekeni kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Uyole, Mbeya, kabla hamjamwaga makaa, mpate namba ya tindikali ya kuanzia. Kinyungu kikiwa karibu na chanzo, muiteni mtu wa ofisi ya bonde la maji aoneshe mita 60 zinaanzia wapi. Na shimo la kwanza la kuchoma mlichimbe mkiwa na mtu aliyewahi kuchoma, siku isiyo na upepo, mbali na mipaina, mvua zikiwa zimeanza.